TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: VITI MAALUM NI KURA ZETU, SI ZAWADI YA MTU



Ujumbe huu ni mrefu. Tunaomba uusome mpaka mwisho, kisha umpelekee mwanachama wa wadi yako ambaye hapati jumbe zetu. Asiye na simu ya kusomea, asomewe.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Sheria inataka kila chama kiwasilishe orodha yake ya viti maalum kwa Tume ya Uchaguzi (IEBC) angalau siku 45 kabla ya siku hiyo. Hesabu mwenyewe: ni 26 Juni 2027. Lakini orodha haiandikwi siku ya kupelekwa. Huandikwa miezi mingi kabla, na watu wachache, katika vikao ambavyo tawi halialikwi. Asiyekuwepo na lake halipo. Ndiyo sababu kamati ya tawi imeamua kusema sasa, wakati bado kuna la kufanya.

Msimamo wetu ni mmoja: kiti maalum katika bunge la kaunti kinazaliwa na wadi ambazo chama kimepata. Wadi zinapatikana kwa jasho la wanachama wa wadi. Basi wenye wadi ndio wenye neno la kwanza kuhusu nani akalie kiti hicho na nani awe wa kwanza katika orodha.

*1. TULIYOYAONA BAADA YA 9 AGOSTI 2022*

Mnakumbuka. Maajenti wetu walikesha vituoni mpaka alfajiri wakingoja fomu za matokeo zitiwe sahihi. Wengi wao walikuwa akina mama na vijana, na wengi walilipwa chai na mandazi tu. Wadi zetu tulizipata. Tulishangilia barabarani, tukapongezana, tukarudi makazini.

Kisha ikaja zamu ya viti maalum. Katibu wa tawi aliuliza ofisi ya chama ya kaunti orodha iko wapi. Akajibiwa kwamba itatoka ikiwa tayari. Ilitoka kweli, lakini sisi tuliisoma katika Gazeti Rasmi la Serikali kama mtu mwingine yeyote. Majina ya juu hayakuwa ya mtu hata mmoja aliyewahi kuketi katika mkutano wa wadi zetu. Mwenyekiti wa akina mama wa tawi hili, aliyeingia nyumba kwa nyumba katika wadi mbili, alikuwa chini kabisa, mahali ambapo kiti hakifiki hata chama kingezoa wadi mara mbili ya zile tulizopata. Kijana wetu mwenye ulemavu, aliyekuwa ajenti kituoni tangu saa kumi na moja asubuhi, hakuwamo kabisa.

Tulipolalamika tuliambiwa maneno mawili: "Chama kimeshaamua." Tunauliza: chama ni nani? Wakati wa kutafuta kura chama ni sisi. Wakati wa kugawa viti chama kinakuwa watu watano ndani ya chumba.

*2. SHERIA INASEMA NINI*

Wengi wetu tumezoea kusema "MCA wa kuteuliwa", na neno hilo limetuponza. Linatufanya tudhani kuna bwana mmoja anayeteua, na sisi wengine kazi yetu ni kumwomba. Katiba ya 2010 haisemi hivyo.

Kifungu 177 kinasema bunge la kaunti lina wawakilishi waliochaguliwa na wapiga kura, mmoja kila wadi. Kisha linaongezwa wanachama wa viti maalum, idadi yoyote itakayotosha kuhakikisha kwamba jinsia moja haizidi theluthi mbili ya bunge. Kisha wanaongezwa wawakilishi wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Viti hivyo vya nyongeza hugawiwa vyama kwa uwiano wa wadi ambazo kila chama kimepata katika kaunti hiyo hiyo, katika uchaguzi huo huo.

Kifungu 90 kinaita jambo hili *uchaguzi*. Uchaguzi kwa njia ya uwiano, kwa kutumia orodha za vyama, chini ya usimamizi wa IEBC. Mahakama ya Juu nayo ilishika njia hiyo hiyo mwaka 2016 katika kesi ya Moses Mwicigi: mtu aliyetoka katika orodha na jina lake likachapishwa katika Gazeti Rasmi amechaguliwa, na anayetaka kumng'oa lazima aende kwa kesi ya uchaguzi.

Ukishaelewa kwamba huu ni uchaguzi, swali la pili linakuja lenyewe. Katika uchaguzi huu kura zimepigwa na nani? Zimepigwa na wewe, siku ile ile uliposimama foleni kumpigia kura mgombea wetu wa wadi. Karatasi moja ilifanya kazi mbili. Ilimchagua mwakilishi wa wadi, na ikaongeza uzito wa chama katika mgao wa viti maalum. Hukuambiwa hilo pale kituoni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

*3. HESABU KIDOGO*

Chukueni mfano wa kaunti yenye wadi 30. Tuyaache kando makundi yaliyotengwa, tuangalie hesabu ya jinsia peke yake.

Wanaume wakishinda wadi zote 30, lazima waongezwe wanawake 15. Bunge linakuwa la watu 45, na wanaume 30 ni theluthi mbili kamili. Chama chenye wadi 20 kinapata viti 10 kati ya hivyo 15. Chama chenye wadi 10 kinapata 5. Kila wadi mbili zimezaa kiti kimoja.

Sasa tazama nguvu ya mpangilio wa majina. Sheria inataka chama kipeleke orodha ndefu, kana kwamba kitapata viti vyote. IEBC inachukua kuanzia juu, kwa mpangilio uliowekwa na chama chenyewe. Chama kikipata viti 5, jina la kwanza mpaka la tano wanaapishwa. La sita mpaka la mwisho ni mapambo. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mama, usijali, umo kwenye orodha," mwulize nambari ngapi. Akishindwa kujibu, ujue umewekwa pale ili unyamaze.

Kwa makundi yaliyotengwa ni kubana zaidi. Orodha ina majina 8, wakiwemo angalau watu 2 wenye ulemavu na vijana 2, lakini viti vinavyochukuliwa ni 4, na vyama vinagawana hivyo vinne. Chama kikipata kimoja au viwili, ni jina la kwanza na la pili tu. Anayemweka mtu mwenye ulemavu nambari ya saba ametimiza karatasi, hajamwakilisha mtu.

Na orodha hiyo haifi siku ya kuapishwa. Inaishi muhula mzima wa miaka mitano. Kiti kikiachwa wazi, nafasi inajazwa kutoka orodha ile ile, na chama hakina ruhusa ya kuandika nyingine katikati ya muhula. Watakaokosea Juni 2027 watatukosesha mpaka 2032.

*4. MTEGO WA "SUBIRI VITI MAALUM"*

Hapa tunaomba kila mwanachama atulie asome polepole, hasa dada zetu wanaofikiria kugombea wadi.

Kila mara mwanamke wa tawi anapojitokeza kuomba tikiti ya wadi, anaambiwa: "Wewe tulia, mwachie kaka yako wadi, wewe utawekwa viti maalum." Linasemwa kwa upole, kama vile ni fadhila. Rudini kwenye hesabu mwone fadhila hiyo ina sura gani.

Wanawake 2 wakishinda wadi katika kaunti ile ya wadi 30, wanaume wanabaki 28, na viti vya kuongeza vinashuka kutoka 15 hadi 12. Wanawake 6 wakishinda, viti vya kuongeza vinakuwa 6 tu. Wanawake 10 wakishinda, hakuna cha kuongeza, kwa sababu theluthi imeshatimia kwa kura za moja kwa moja.

Maana yake ni nini? Kila wanawake wawili wanaoshinda wadi wanawapunguzia wenye kuandika orodha viti vitatu vya kugawa. Mtu ambaye nguvu yake katika chama ni kugawa viti vya orodha ana sababu kubwa ya kutotaka wanawake washinde wadi. Hatusemi kila kiongozi anafikiria hivyo. Tunasema mfumo unamlipa anayefikiria hivyo, na sisi tumekaa kimya.

Matokeo yako wazi kwa kila mtu. Kenya ina wadi 1,450. Mwaka 2013 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja katika wadi walikuwa 82. Mwaka 2017 walikuwa 96. Mwaka 2022 walikuwa 115. Chaguzi tatu, na bado hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Kwa mwendo huo wajukuu zetu watazeeka kabla theluthi haijatimia bila nyongeza.

Halafu mwanamke aliyeachia wadi kwa ahadi ya orodha anafika Agosti anakuta yeye ni nambari ya kumi na mbili. Wadi ameikosa, na orodha ameikosa. Aliyempa ahadi hapokei simu.

Msimamo wa tawi: mwanamke anayetaka wadi apewe nafasi sawa katika mchujo. Orodha isitumiwe kama kifuta machozi.

*5. UWIANO WA NINI HASA?*

Kuna wanaotuambia viti maalum ni vya haki kwa sababu "vinagawiwa kwa uwiano". Uwiano upo, lakini ni uwiano wa wadi ambazo chama kimepata, hauhusu kura zilizopigwa. Tofauti hii ni kubwa na inatugusa moja kwa moja.

Chama kinaweza kupata kura moja kati ya kila tano katika kila wadi ya kaunti, na kikashika nafasi ya pili au ya tatu kila mahali. Wadi zake ni sifuri. Viti maalum vyake ni sifuri pia. Wale wapiga kura wote, moja kwa tano ya kaunti, hawana mtu hata mmoja bungeni. Chama kilichopata wadi nyingi kinaongezewa viti vingine juu yake. Mwenye nacho anaongezewa.

Wenzetu wa Afrika Kusini wana utaratibu tofauti katika mabaraza ya miji. Johannesburg, kwa mfano, ina madiwani 270: 135 wa wadi na 135 wa orodha. Mpiga kura wa jiji anapewa karatasi ya wadi na karatasi ya chama, na orodha inatumika kusawazisha, ili viti vya jumla vya chama vilingane na kura zake. Aliyepata wadi chache kuliko kura zake anaongezewa kutoka orodha. Katika uchaguzi wao wa 1 Novemba 2021, chama tawala cha ANC kilishuka chini ya asilimia 50 ya kura nchini kote katika uchaguzi wa mabaraza kwa mara ya kwanza, na hilo lilionekana wazi katika viti. Kule kura inatafuta kiti chake. Kwetu kiti kinafuata wadi.

Kubadilisha hilo kunahitaji kugusa Katiba, na si kazi ya tawi moja. Lakini tunalitaja kwa sababu moja. Kama kwetu kila kitu kinafuata wadi, basi *kila wadi tunayoipoteza kwa ujinga wetu tunaipoteza mara mbili*.

Na tunazipoteza vipi? Kwa michujo mibovu. Mtu anapendwa na wadi, anashinda mchujo, tikiti inapewa mwingine. Anaondoka, anagombea kama mgombea huru, anashinda. Wadi imekwenda. Lakini pia sehemu yetu ya viti maalum imekwenda, kwa sababu wadi ya mgombea huru haihesabiwi kwa chama chochote. Wadi mbili zikienda hivyo, katika ule mfano wetu, kiti kimoja cha orodha kinaweza kuyeyuka. Ndugu zetu wa ofisi ya kaunti wanaosema malalamiko ya tawi yanavunja chama, wahesabu kwanza ni nani aliyekivunja.

*6. KWA NINI TUSUMBUKE*

Kuna mwanachama atauliza: hawa MCA maalum hawana wadi, hawana barabara ya kutengeneza, kuna haja gani ya kugombana juu yao?

Haja ni hii. Mkono wa MCA maalum ukiinuliwa ndani ya bunge unahesabiwa sawasawa na mkono wa MCA wa wadi. Wanapitisha bajeti ya kaunti kwa mikono hiyo. Wanapiga msasa na kuidhinisha mawaziri wa kaunti kwa mikono hiyo. Hoja ya kumwondoa gavana inahitaji theluthi mbili ya wanachama wote wa bunge, na hao wamo. Pesa za basari, dawa za zahanati, maji, soko ambalo mama zetu wanauzia chini ya jua, vyote vinapita mbele yao.

Sasa jiulize: MCA ambaye kiti chake kilitoka kwa mtu mmoja, atainua mkono kwa ajili ya nani siku ambayo mtu huyo na wananchi wametofautiana? Hatuhitaji kumtukana mtu. Kila mtu anamsikiliza aliyempa kazi. Tukitaka MCA maalum wamsikilize mwananchi, kazi hiyo lazima itoke kwa mwananchi.

*7. MAJIBU KWA VISINGIZIO*

_"Orodha ni mamlaka ya makao makuu."_ Makao makuu ndiyo yanayotia sahihi na kuwasilisha. Hakuna sheria inayokataza chama kuwauliza wanachama wake kabla ya kutia sahihi. Ofisi inayoweza kutuma watu kwenye wadi kuomba kura inaweza kutuma watu hao hao kuuliza majina.

_"Wale wa juu walichangia chama pesa."_ Tunawashukuru. Wapewe risiti na shukrani kwenye mkutano mkuu. Kifungu 177 kinataja jinsia, ulemavu, vijana na makundi yaliyotengwa. Hakitaji aliyetoa pesa. Mtu akinunua kiti kilichowekwa kwa ajili ya waliotengwa, amewatenga mara ya pili.

_"Mkigombana mnawapa wapinzani nafasi."_ Mpinzani hakuhitaji msaada wetu 2022, alichukua wadi ambazo chama kilizitupa chenyewe. Mjadala wa wazi mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ni nafuu kuliko mgombea huru wiki sita kabla ya uchaguzi.

_"Basi viti hivi vifutwe, ni mzigo kwa mlipa kodi."_ Hili linasemwa hata na watu wetu wenyewe, kwa hasira, na hasira tunaielewa. Lakini angalia upande wa pili. Bila nyongeza hii, wanawake katika mabunge ya kaunti wangekuwa wale 115 kati ya 1,450. Tazameni Bunge la Kitaifa, ambako Katiba haikuweka nyongeza ya namna hii kutimiza theluthi. Theluthi haikutimia, mpaka tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya jinsia. Bunge halikuvunjwa, na mjadala uliendelea. Kaunti zilinusurika aibu hiyo kwa sababu ya viti hivi hivi. Kilichooza ni namna ya kuandika orodha. Mtu hachomi nyumba kwa sababu mlango unafungwa na mtu asiyefaa, anabadilisha kitasa.

_"Mnataka vyeo nyinyi wa kamati."_ Wanakamati watatu waliotia sahihi taarifa hii wameandika kwenye kumbukumbu za kikao cha tawi kwamba hawataomba nafasi katika orodha ya 2027. Yeyote anaweza kuja kusoma.

*8. MUDA UNAVYOTUBANA*

Wengi hudhani kwamba mambo yakiharibika tutakwenda kortini. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi walikwama.

Kabla majina hayajachapishwa katika Gazeti Rasmi, mlalamikaji anaanza na kamati ya mizozo ya chama chenyewe. Akikosa haki anakwenda Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na jopo litamtaka aonyeshe kwamba alijaribu ndani ya chama kwanza. Ushahidi wa kujaribu ni barua yenye mhuri wa kupokelewa. Simu haitoshi, na maneno ya mdomo hayatoshi.

Majina yakishachapishwa, mlango huo umefungwa. Kinachobaki ni kesi ya uchaguzi, ambayo lazima ifunguliwe ndani ya siku 28. Kwa viti vya bunge la kaunti inaanzia kwa hakimu, na ina gharama ya dhamana na mawakili. Mama anayeuza viazi sokoni hawezi kuanza safari hiyo peke yake, na wanaopanga orodha wanajua hivyo.

Kwa sababu hiyo vita vyetu ni vya kabla ya Juni 2027. Baada ya hapo tutakuwa tunalia.

*9. TUNACHODAI*

Kamati ya tawi imeandika barua kwa ofisi ya chama ya kaunti ikidai mambo haya:

Kwanza, kila wadi ipendekeze majina yake ya viti maalum katika mkutano wa wanachama, kwa kura ya wazi inayohesabiwa na kuandikwa. Majina yasiyopitia wadi yoyote yasiwekwe juu ya yaliyopitia.

Pili, nafasi za juu zigawiwe wadi kwa zamu inayojulikana, tukianza na wadi zilizopata ushindi na zile zilizo na wanachama wengi lakini hazina mwakilishi wetu. Wadi moja isipate mbili kabla ya nyingine kupata moja.

Tatu, orodha yenye nambari zake ibandikwe katika ofisi ya chama angalau siku 21 kabla ya kupelekwa IEBC, ili mwenye pingamizi apate muda wa kuandika.

Nne, majina ya watu wenye ulemavu yatoke kwa watu wenye ulemavu wenyewe, na ya vijana yatoke kwa vijana. Jina la kwanza katika orodha ya makundi yaliyotengwa liwe la mtu mwenye ulemavu.

Tano, hakuna mwanamke atakayetakiwa kuachia mchujo wa wadi kwa ahadi ya orodha. Ahadi ya namna hiyo ikitolewa, iandikwe na itajwe nambari, la sivyo ihesabiwe kuwa haipo.

Sita, mshindi wa mchujo apewe tikiti yake. Hili ni la wadi, lakini mmeona linavyorudi kwenye orodha.

*10. KAZI YA KILA MWANACHAMA KUANZIA LEO*

Hakikisha jina lako limo katika daftari la wanachama kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Anayetaka kuingia katika orodha yetu lazima awe mwanachama wetu, na jina likionekana chama kingine utaondolewa kwa sababu ambayo ungeirekebisha mapema bila jasho. Wasiojua namna ya kuangalia waje ofisi ya tawi Jumamosi asubuhi, vijana wetu watawasaidia bila malipo.

Mwandikishe kuwa mpiga kura kila kijana wa nyumba yako aliyetimiza miaka 18. Kura ya wadi ndiyo mbegu ya yote tuliyoyasema hapo juu.

Hudhuria mkutano wa wadi yako. Mkutano ukiitwa na watu saba, hao saba ndio watakaopeleka majina, na hutakuwa na haki ya kunung'unika.

Mkijadili majina, msifanye ukabila, wala mtaa, wala dini. Ulizeni maswali mawili: mtu huyu alifanya kazi gani ya chama katika wadi, na akifika bungeni atarudi kwetu kueleza alichopigia kura?

Mwenye maoni tofauti na taarifa hii ayaandike ayalete kwenye kikao cha tawi. Yatasomwa mbele ya wote. Hatuogopi kupingwa, tunachokataa ni kuamuliwa.

Wanachama wenzetu, hakuna anayetupa kitu hapa. Wadi tulizipata kwa miguu yetu, na kila wadi ilibeba ndani yake sehemu ya kiti kingine ambacho hatukukiona kikiondoka. Safari hii tutakifuata tangu kinapozaliwa mpaka kinapokaliwa.

Sambaza ujumbe huu kama ulivyo. Usikate, usiongeze.

_Imetolewa kwa idhini ya kikao cha Kamati ya Tawi._
_Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina wa Tawi._